Jinsi ya nzi wa matunda huamuliwaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara somo la urithi linapofika kwa nzi wa matunda. Yameanzia ya msingi yakaishia ya pembeni. Mwenye haraka asome swali la 3 na la 4 kwanza, maana makosa mengi huzaliwa hapo.

## Mambo ya msingi

1. Nzi anayezungumziwa ni yupi? Ndiye yule anayeharibu maembe?

Siye. Anayezungumziwa ni *Drosophila melanogaster*, mdudu wa milimita 2 hadi 3 mwenye macho mekundu, yule anayezongea ndizi zilizoiva kupita kiasi, mabaki ya pombe na chupa ya siki. Hana haja na tunda zima. Anafuata hamira inayochachua tunda lililoanza kuoza. Ingawa sifa zake zimeandikwa zaidi New York, asili yake ni kusini mwa Afrika, na watafiti wamemkuta porini akiishi kwa matunda ya mng'ongo kwenye milima ya Matobo, Zimbabwe.

Nzi anayedunga embe likiwa bado mtini ni wa jamii nyingine kabisa, na hata jinsi yake huamuliwa kwa njia nyingine. Huyo tumemwekea swali la 23.

2. Ana kromosomu ngapi?

Nane, yaani jozi 4. Jozi ya kwanza ni ya jinsi: jike ana X mbili, dume ana X moja na Y moja. Jozi ya 2 na ya 3 ni kubwa na zimebeba jeni nyingi. Ya 4 ni kidoa tu. Hizi tatu zisizo za jinsi huitwa otosomu. Katika michoro ya vitabuni X huonekana kama kijiti kilichonyooka na Y kama kijiti chenye ndoano.

3. Kwa kifupi, nani jike na nani dume?

Nzi mwenye X mbili ni jike. Mwenye X moja ni dume. Hiyo ndiyo kanuni kwa nzi wa kawaida mwenye seti mbili za otosomu, na ukiitazama utaona kwamba Y haikutajwa. Haikusahauliwa.

4. Kwani Y siyo inayoleta dume, kama kwa binadamu?

Kwa nzi huyu, hapana. Ushahidi uko kwa nzi wenye idadi isiyo ya kawaida. Nzi mwenye X moja pasipo Y (huandikwa X0) ni dume wa umbo na wa tabia: ana mkia mweusi na anatongoza majike, ila ni tasa. Nzi mwenye XXY ni jike, anataga, anazaa. Y yake ipo na haimgeuzi kitu.

Linganisha na binadamu. Mtu mwenye XXY ni mwanamume, na mwenye X moja peke yake ni mwanamke. Ni kinyume kabisa. Sababu ni kwamba Y ya binadamu imebeba SRY, jeni iliyotambuliwa mwaka 1990, inayoamrisha korodani zijengwe. Y ya *Drosophila* haina jeni ya namna hiyo. Wanyama hawa wawili wanatumia herufi zilezile kwa mifumo miwili isiyohusiana, na anayebeba kanuni ya binadamu kuipeleka kwa nzi atapata jibu sahihi kwa XX na XY, halafu atakosea kila swali linalobaki.

5. Basi Y inafanya kazi gani?

Inatengeneza mbegu zinazoogelea. Y ya nzi imebeba sehemu sita zijulikanazo kama vipengele vya uzazi wa dume, na ikikosekana hata moja, mikia ya mbegu haikamiliki. Ndiyo maana dume wa X0 hupanda majike kama kawaida lakini hakuna yai linalorutubishwa. Y pia ina nakala za jeni za RNA ya ribosomu, ambazo ziko kwenye X vilevile. Zaidi ya hayo ni DNA inayojirudia tu, na jeni chache mno kwa ukubwa wake.

6. Ni mzazi gani anayeamua jinsi ya mtoto?

Baba. Mayai yote ya jike wa kawaida yana X moja. Mbegu za dume nusu zina X na nusu zina Y. Mbegu ya X huleta jike, ya Y huleta dume. Lakini Y haileti dume kwa kuwapo kwake. Inaleta dume kwa sababu imeingia mahali ambapo X ya pili ingeingia.

## Uwiano wa X na otosomu

7. Uwiano wa X kwa A huhesabiwaje?

Hesabu kromosomu za X. Hesabu *seti* za otosomu, A. Gawanya X kwa A. Y usiihesabu popote. Kosa linalojirudia ni kuhesabu otosomu moja moja na kuandika A = 6; nzi wa kawaida ana otosomu sita lakini seti mbili, kwa hiyo A = 2.

| X | A | Uwiano | Nzi |
|---|---|---|---|
| 1 | 2 | 0.5 | Dume (XY na XYY huzaa, X0 tasa) |
| 2 | 2 | 1.0 | Jike (XX au XXY) |
| 3 | 3 | 1.0 | Jike triploidi (seti tatu za kila kromosomu) |
| 2 | 3 | 0.67 | Jinsi mchanganyiko |
| 3 | 2 | 1.5 | Jike dhaifu, wengi hufa |
| 1 | 3 | 0.33 | Dume dhaifu, tasa |

Usidanganywe na maneno ya zamani yanayomwita nzi wa 1.5 "jike mkuu" na wa 0.33 "dume mkuu". Hakuna ukuu wowote hapo, ni wagonjwa.

8. Jambo hili liligunduliwaje?

Kwa hatua mbili, zote kwenye maabara ya Thomas Hunt Morgan, Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1910 Morgan alieleza dume mwenye macho meupe na kuonyesha kwamba sifa hiyo inarithiwa pamoja na jinsi. Kisha mwanafunzi wake, Calvin Bridges, akawafuatilia watoto wachache ambao hawakutii kanuni (swali la 18), akatazama kromosomu zao kwa hadubini, na mwaka 1916 akachapisha kwamba majike wa ajabu walikuwa XXY na madume wa ajabu X0. Hapo Y ikavuliwa cheo.

Hatua ya pili ilikuwa mwaka 1921. Bridges alipata majike wenye seti tatu za kila kromosomu. Walipopandana na madume wa kawaida, baadhi ya watoto walikuwa na X mbili na seti tatu za otosomu, na hawakuwa majike wala madume. Wana X mbili kama jike yeyote, kwa hiyo seti ya tatu ya otosomu ndiyo iliyowavuruga. Ndipo likaja wazo la uwiano.

9. Nimesoma mahali kwamba uwiano wa X:A umepitwa na wakati. Ni kweli?

Ni kweli kwa sehemu. Uwiano unatabiri matokeo vizuri. Tatizo ni kuudhani kuwa ndicho kitu ambacho seli inapima. Seli haifanyi hesabu ya kugawanya.

Kiinitete cha nzi huanza kama mfuko mmoja wenye viini vingi. Viini hugawanyika mara 13 kwa kasi kubwa, na baada ya hapo ndipo kuta za seli hujengwa. Jeni za kwenye X hupimwa kabla ya kuta hizo kukamilika. Zikikamilika, dirisha limefungwa. Mwaka 2007 Erickson na Quintero walionyesha kwamba idadi ya seti za otosomu inaathiri jinsi kwa kubadili *muda* wa dirisha hilo. Kiinitete triploidi huanza kujenga kuta mapema katika baadhi ya sehemu, pungufu kwa mgawanyiko mmoja, hivyo X zake mbili hazipati muda wa kutosha: seli nyingine zinawahi kuwa za kike, nyingine zinabaki za kiume. Kiinitete haploidi, chenye X moja na seti moja, huchelewa kwa mgawanyiko mmoja zaidi, na X yake moja inapata muda wa ziada wa kufikia kiwango cha jike. Haploidi hafiki utu uzima, lakini vipande vya mwili wa haploidi vilivyopatikana kwa nzi mchanganyiko vimekuwa vya kike.

Kinachopimwa basi ni dozi ya X ndani ya muda maalumu. Otosomu zinaingia kwa mlango wa nyuma, kupitia saa.

10. Kwenye mtihani niandike ipi?

Swali likisema "kwa kutumia uwiano wa X:A", tumia jedwali la swali la 7 na utakuwa sahihi. Ukiombwa kueleza *utaratibu*, andika dozi ya X inayowasha jeni ya Sxl (swali la 11).

## Ndani ya seli

11. Seli inajuaje kwamba ina X mbili?

X imebeba jeni kadhaa zinazofanya kazi mapema sana, zikiwamo sisA, scute, runt na upd. Bidhaa zake huwasha jeni kuu ya jinsi, Sxl, ambayo nayo iko kwenye X. Mwenye X mbili anatengeneza bidhaa hizo mara mbili, na kiasi hicho kinavuka kizingiti. Mwenye X moja havuki. Upande wa pili kuna breki: jeni ya otosomu iitwayo deadpan, pamoja na vizuizi vilivyowekwa na mama ndani ya yai.

Upimaji huu huanza na kumalizika ndani ya muda wa takriban saa mbili hadi tatu tangu yai kutagwa, kwenye joto la 25 °C. Haurudiwi tena. Ni kama swichi ya ukutani. Ikishabonyezwa, kidole kinaweza kuondoka.

12. Inabakije imewashwa ikiwa kipimo kimeondoka?

Sxl inajilinda yenyewe. Ina promota mbili, yaani sehemu mbili za kuanzia kusomwa. Ya kwanza inafanya kazi kwa muda mfupi tu, kwa majike peke yao, ikiitikia dozi ya X. Ya pili huwaka baadaye kwa wote na kubaki hivyo maisha yote, ila ujumbe wake (nakala ya RNA ya jeni) una eksoni ya 3, yaani kipande cha tatu, yenye alama ya kusimamisha protini kabla haijakamilika.

Kwa jike, protini ya Sxl iliyokwisha kutengenezwa na promota ya kwanza hushika ujumbe huo mpya na kuiruka eksoni ya 3. Protini kamili inapatikana, nayo inaendelea kuiruka eksoni hiyo kwenye ujumbe unaofuata. Kwa dume hakuna protini ya kuanzia. Eksoni ya 3 inabaki, protini inakatika. Jeni ipo na inasomwa kwa wote wawili. Tofauti iko kwenye kukata na kuunga RNA.

13. Baada ya Sxl kuna nini?

Mnyororo mfupi. Kwa jike, Sxl hukata ujumbe wa jeni ya tra kwa namna inayotoa protini kamili. Protini ya tra, ikisaidiwa na tra-2, hukata ujumbe wa dsx kwa mtindo wa kike. Kwa dume tra haifanyi kazi, na dsx inaungwa kwa mtindo wa kiume. Protini hizo mbili za dsx ndizo zinazojenga mwili: rangi ya mkia, viungo vya uzazi, protini za kiini cha yai kwa jike.

Tra inagusa pia fru, jeni inayohusika na mishipa ya fahamu. Toleo la kiume la fru ndilo linalomfanya dume amfuate jike, amguse na kutetemesha bawa moja kumwimbia. Sxl iko kwenye X, tra-2 iko kwenye kromosomu ya 2, na tra, dsx na fru zote ziko kwenye ya 3, jambo linalowashangaza wanaodhani jeni za jinsi lazima zikae kwenye kromosomu za jinsi.

14. Kwa nini Sxl, kifupi cha Sex-lethal, ina jina la kuua?

Kwa sababu jike akiikosa hageuki dume. Anakufa.

Dume ana X moja, lakini anahitaji bidhaa za jeni za X kwa kiasi kilekile anachohitaji jike mwenye mbili. Basi seli zake huongeza kasi ya X hiyo karibu mara mbili, kwa kutumia kundi la protini liitwalo MSL pamoja na RNA mbili, roX1 na roX2. Kundi hilo hutia alama ya asetili kwenye histoni (protini inayozungushiwa DNA) ya X (H4, nafasi ya 16). Kwa jike, Sxl huzuia ujumbe wa msl-2 usitafsiriwe, na kundi zima halijengeki. Jike asiye na Sxl anaongeza kasi ya X zote mbili, na dozi hiyo ya kupindukia inamwua akiwa bado mchanga. Dume kwa upande wake akiwasha Sxl pasipo wakati anakosa nyongeza anayoihitaji, naye hufa.

Binadamu na mamalia wengine hutatua tatizo hilohilo kwa kuzima X moja ya jike. Nzi hazimi kitu.

15. Je, jike anaweza kugeuzwa dume akabaki hai?

Ndiyo, ukivunja mnyororo chini ya Sxl, kwa sababu tra haihusiki na kufidia dozi ya X (swali la 14). Nzi wa XX asiye na tra hai huwa na umbo na tabia za dume, ila ana ukubwa wa jike na ni tasa. Kuna aina ya tra-2 inayoathiriwa na joto: mabuu wa XX wakilelewa kwenye 16 °C wanakuwa majike, kwenye 29 °C wanakuwa na mwili wa dume. Akikosa dsx kabisa, nzi wa XX na wa XY huwa na umbo la katikati, wote wawili.

16. Homoni za jinsi zinaingia wapi?

Haziingii kwa namna tunayoijua kwa kuku au ng'ombe. Kila seli hupima X zake na kuamua yenyewe. Ndiyo maana nzi mmoja anaweza kuwa nusu jike nusu dume (swali la 22). Seli za kizazi, zile zitakazokuwa mayai au mbegu, ndizo pekee zenye mashauriano: zinatazama X zake na pia zinasikiliza mwili unaozizunguka.

## Kwenye mahesabu ya urithi

17. Kwa nini macho meupe yanaonekana zaidi kwa madume?

Jeni yake iko kwenye X na ni dhaifu. Dume ana X moja, kwa hiyo ikiwa ni ya macho meupe hakuna ya kuifunika. Morgan alipompandisha dume wake mweupe na majike wekundu, kizazi cha pili kilitoa majike wekundu 2,459, madume wekundu 1,011 na madume weupe 782. Tarajio ni 2 : 1 : 1; weupe walipungua kwa sababu hawastahimili maisha vizuri kama wekundu.

Ukigeuza msalaba, jike mweupe kwa dume mwekundu, mabinti wote ni wekundu na wana wote ni weupe. Huu ndio msalaba bora wa kufundishia, maana matokeo yanaonekana kizazi cha kwanza.

18. Kwenye msalaba huo nimepata jike mweupe mmoja. Nimekosea wapi?

Pengine hukukosea. Mara moja moja, katika maelfu ya mayai, X mbili za mama hazitengani. Yai moja linapata X mbili, jingine halipati hata moja. Yakirutubishwa:

- XX na Y: jike mweupe (XXY), anazaa.
- Bila X, na X ya baba: dume mwekundu (X0), tasa.
- XX na X: jike wa X tatu, kwa kawaida hufa.
- Bila X, na Y: hufa daima.

Lakini kabla ya kujipongeza, ondoa sababu za kawaida. Wakitokea majike weupe wengi, mama hakuwa bikira na alishapandwa na dume mweupe wa chupa yake. Akitokea mmoja, huenda ni nzi aliyeingia wakati kizibo kiko wazi. Thibitisha: dume mwekundu wa kutiliwa shaka mweke na majike bikira watatu, wiki ikipita bila buu, yaelekea ni X0. Jike mweupe mpandishe na dume mwekundu. Akiwa XXY, takriban 4% ya watoto wake nao watavunja kanuni, kiwango kikubwa mno kuliko cha jike wa kawaida.

19. X zilizounganishwa ni nini?

Ni X mbili zilizoshikana kwenye sentromia moja (sehemu ya kromosomu inayovutwa seli inapogawanyika), alizozieleza Lilian Morgan mwaka 1922. Haziwezi kutengana, kwa hiyo jike (ambaye kwa kawaida ana Y pia) hutoa mayai ya aina mbili tu: yenye X zote mbili, au yenye Y. Nusu ya mayai yaliyorutubishwa hufa, kwa sababu zilezile za swali la 18. Wanaobaki wanashangaza: binti anapata X zote kwa mama, na mwana anapata X kwa *baba* na Y kwa *mama*. Wafugaji huitumia kutunza jeni za X zinazowafanya majike wawe tasa.

## Mezani na kwenye chupa

20. Nitatofautishaje jike na dume, na nitapataje majike bikira?

Tumia hadubini ya kukuza mara 10 hadi 20 na brashi laini ya rangi. Walaze nzi kwa kaboni dayoksaidi, au kwa barafu iliyofunikwa karatasi ili wasilowe. Etha inafanya kazi lakini inashika moto kwa urahisi, na mabawa yakisimama wima ujue umewaua.

Jike ni mkubwa kidogo, tumbo limechongoka na mistari inafika hadi mwisho. Dume ni mdogo, tumbo limeviringika na mwisho wake ni mweusi mfululizo. Alama isiyodanganya ni kichana: safu ya nywele nene nyeusi, 10 hadi 12 hivi, kwenye kila mguu wa mbele wa dume. Jike hana kabisa. Nzi aliyetoka kwenye pupa sasa hivi bado ni mweupe, mkia wa dume haujapata rangi, na wanaotegemea rangi humwita jike. Tazama miguu.

Jike hakubali kupandwa kwa takriban saa nane za kwanza kwenye 25 °C. Toa nzi wote wakubwa asubuhi, kisha kusanya majike waliotoka ndani ya saa sita zinazofuata. Kwenye 18 °C unaweza kungoja hadi saa 16. Doa jeusi linaloonekana ndani ya tumbo, mabaki ya chakula cha ubuu, ni ushahidi kwamba ametoka muda si mrefu. Waweke peke yao siku tatu: mayai yakionekana bila mabuu, ni bikira, mabuu wakionekana, chupa yote itupwe, maana jike huhifadhi mbegu za dume mmoja kwa siku nyingi.

Chakula cha kutosha chupa nyingi: maji lita 1, agari gramu 8, sembe gramu 70, sukari gramu 60, hamira kavu gramu 20. Chemsha dakika 10 ukikoroga kama uji. Ukipoa chini ya 60 °C tia asidi ya propioniki mililita 5 kuzuia ukungu. Ukiitia ikiwa moto inaruka na mvuke. Mimina kina cha sentimita 2 hadi 3, funika kwa kitambaa usiku kucha, kisha ziba kwa pamba. Nzi waliolala waingize chupa ikiwa imelazwa ubavu, la sivyo watanasa kwenye uji.

21. Madume na majike wangu hawalingani. Kuna nini?

Anza na hesabu. Majike 58 na madume 42 kati ya nzi 100 si ajabu: khi-mraba (kipimo cha kama tofauti ni ya bahati tu) ni 2.56, chini ya kikomo cha 3.84. Pili, majike hutangulia kutoka kwenye pupa kwa saa chache, hivyo ukihesabu siku ya kwanza tu utapata majike wengi. Hesabu kuanzia siku ya 10 hadi ya 18, ukiwa umeondoa wazazi siku ya 7. Baada ya hapo unachanganya na wajukuu.

Uwiano wa 2 kwa 1 unaodumu unaashiria jeni ya kuua iliyoko kwenye X ya mama: nusu ya wana wanakufa. Majike watupu, kizazi baada ya kizazi kwa upande wa mama, ni dalili ya *Spiroplasma*, bakteria anayeishi ndani ya nzi na kuua viinitete vya kiume. Mwaka 2018 ilielezwa kwamba sumu yake, Spaid, inashambulia ile X ya dume iliyoshikwa na kundi la MSL (swali la 14). Bakteria amepata njia ya kutambua dume bila kuangalia Y, kama nzi mwenyewe.

Na kama hakuna watoto kabisa, tazama kipimajoto. Madume waliolelewa karibu na 30 °C mfululizo huwa tasa, na chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam mwezi wa Februari kinafika huko bila shida. Usiwadhanie X0; wahamishie mahali pa baridi na ulee kizazi kipya.

## Ya pembeni

22. Nzi nusu jike nusu dume anatokeaje?

Huitwa ginandromofu. Huanza kama kiinitete cha XX, kisha kiini kimoja kinapoteza X. Ikitokea kwenye mgawanyiko wa kwanza kabisa, nusu ya mwili ni XX na nusu ni X0: kichana kwenye mguu mmoja wa mbele tu, mkia mweusi upande mmoja. Kama X iliyopotea ndiyo iliyobeba macho mekundu, jicho la upande wa dume huwa jeupe. Ikipotea baadaye, kipande cha kiume kinakuwa kidogo. Kuna X ya umbo la pete inayopotea kwa urahisi, na kwa kuitumia Hotta na Benzer mwaka 1972 walichora ramani ya sehemu za kiinitete zinazotawala tabia.

23. Na nzi wa maembe?

Kwa hao Y ndiyo yenye amri. *Bactrocera dorsalis*, aliyeonekana Kenya mwaka 2003 na kwa muda akaitwa *B. invadens*, pamoja na *Ceratitis capitata*, wana jeni iitwayo MoY kwenye Y, iliyoelezwa mwaka 2019. Tra kwao hujiendesha yenyewe kuanzia kwa mama. MoY huizima, na dume anapatikana. Sxl haina kazi ya kuamua jinsi.

Tofauti hii ina faida shambani. Kwa *Ceratitis* kuna ukoo wa maabara ambao mayai yake ya kike hufa yakikaa 34 °C kwa saa 24, kwa hiyo wanaofuga madume tasa wa kuachia mashambani hawapotezi chakula kwa majike. Mitego ya methili yujenoli, chambo cha harufu, nayo hunasa madume wa *B. dorsalis* tu. Usihesabu mtego huo ukasema eneo halina majike.

24. Wadudu wengine wanafuata kanuni ya X mbili?

Wachache. Nzi wa nyumbani kwa kawaida hutegemea kipengele cha kiume kiitwacho M, ambacho hakikai lazima kwenye Y. Kwa nyuki, yai lisilorutubishwa huwa dume. Vipepeo, kama kuku, wana majike wenye kromosomu mbili tofauti, Z na W. Mara nyingi dsx inaonekana tena mwishoni mwa mnyororo. Kinachobadilika ni aliyeko mwanzoni.